MACHELA ISIYO NA WAPAGAZI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwisho wa mwezi, na kupigwa chapa kwa idhini ya Mwandishi wa Chama.)



Katika mkutano uliopita swali liliulizwa juu yetu, nalo lilikuwa swali la haki. Yawezekanaje, iliulizwa, mtu mwenye kazi ya kalamu, mwenye nyumba na kitanda na chandarua, aondoke Jumamosi alfajiri peke yake na mzigo mgongoni, alale usiku kati ya miti miwili kama ndege, arudi Jumapili jioni na vumbi miguuni, kisha aseme ya kuwa amepumzika? Wengi walicheka, nasi tulicheka pamoja nao. Lakini mwanachama mmoja, mtu mzima tunayemheshimu, hakucheka. Alisema ya kwamba mwenendo huu waweza kuleta msiba siku moja, na siku hiyo Chama kitaulizwa kwa nini kilinyamaza. Neno lake ndilo lililotutia kushika kalamu, maana kicheko hakidai jibu, bali hofu ya mkubwa yadai.

Basi tutasema kwanza machela ni kitu gani na kilitufikiaje. Pili, mzigo na kipimo chake. Tatu, namna ya kulala. Nne, hatari za mtu aliye peke yake na dawa yake. Na mwisho tutaweka ombi mbele yenu.

Neno machela ni la zamani katika lugha yetu. Leo ukilitamka, msikilizaji huwaza hospitali na mgonjwa anayechukuliwa chumba cha upasuaji. Babu zetu waliposema machela walikuwa na maana ya kitanda cha nguo kilichofungwa kwenye mti mrefu, mti ukiwa mabegani mwa watu wawili au wanne, na ndani yake amelala mgonjwa, au mkubwa asiyetaka kutembea kwa miguu. Wareno wa Msumbiji walikiita machila. Lakini kitanda cha kuning'inia chenyewe hakikuzaliwa kwetu, wala Ulaya. Columbus na mabaharia wake walipofika visiwa vya Bahama mwaka 1492, waliwakuta wenyeji wamelala katika nyavu za pamba zilizofungwa ncha mbili, nazo ziliitwa hamaca. Mabaharia walikipenda kitanda hiki kwa kuwa merikebu ikiyumba, aliyelala ndani yake hayumbi nayo, wala hatupwi sakafuni. Na mwaka 1597 jeshi la majini la Uingereza likakikubali kwa ajili ya watu wake. Mwenye shida ya kufahamu na akumbuke susu ya mama zetu wa pwani, ile iliyoning'inizwa jikoni ili paka na panya wasifikie chakula. Mahali pa chungu aweke karani, naye atakuwa ameifahamu machela.

Tofauti ni moja, nayo ndiyo kiini cha maneno yetu. Katika bara letu kitanda hiki hakikufungwa mitini, kilifungwa watuni. Aliyelala ndani aliona mawingu, na aliyekuwa chini ya mti wa machela aliona visigino vya mwenzake. Wengi wetu tuliomo humu ni wajukuu au vitukuu vya waliokuwa chini ya mti ule. Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa misafara ya Bagamoyo na Tabora ulikuwa frasila mbili, yaani ratili 70, ambazo ni karibu kilo 32, mbali na mkeka wake, chungu chake na posho yake. Hata neno mtumba, ambalo leo twalitumia kwa nguo kuukuu za sokoni, asili yake ni robota la nguo lililofungwa kwa kipimo cha bega la mtu mmoja. Na Kariakoo ya Dar es Salaam, ambako wengi wenu mwanunua unga na samaki, imepata jina lake kwa Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa Kiingereza, waliopiga kambi pale baada ya mji kutwaliwa mwaka 1916. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na wengi wao hawana kaburi lenye jina.

Mtu aweza kusema: kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, yafaa sisi tuliosoma tuuchukie mzigo na njia ya porini. Twajibu kwa kumtaja mtu mmoja aliyesoma. David Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, watu wake, Chuma na Susi na wenzao, waliukausha mwili wake wakauchukua mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Miongoni mwao alikuwako Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa katika shule ya misheni huko Nasik, Bara Hindi. Yeye ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti wa mahali moyo wa Livingstone ulipozikwa, na yeye ndiye aliyeandika habari za safari ile katika daftari lake, ambalo limehifadhiwa mpaka leo. Basi karani alikuwamo katika msafara, naye alikwenda kwa miguu miezi mingi kama wenzake, wala kalamu haikumzuia kutembea. Sisi wa leo ndio tuliovitenganisha vitu hivi viwili, tukadhani ya kwamba mwenye kalamu hastahili kuwa na miguu.

Na miguu yetu yatushitaki. Twaketi tangu asubuhi mpaka alasiri. Twapanda gari kwenda na kurudi. Jioni twaketi tena. Shirika la Afya Duniani lawaagiza watu wazima watembee au wafanye mazoezi ya kiasi kwa dakika zisizopungua 150 kila juma. Kila mmoja wenu na afanye hesabu yake kimoyomoyo, asitangaze jumla. Wenzetu wangapi tumewachangia dawa za shinikizo la damu na kisukari, hakuna asiyewajua, wala hatutawataja hapa.

Sasa mzigo. Methali yasema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyelala katika machela ya zamani hakujua uzito wake mwenyewe, maana wengine waliujua kwa niaba yake. Anayekwenda peke yake hupata elimu hii katika saa ya kwanza ya kupanda mlima. Kanuni ya kiasi ni kwamba mzigo usipite sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 asichukue zaidi ya kilo 14. Hii hapa hesabu yetu, kama tuliyoipima kwa mizani kabla ya kwenda Usambara: machela na mikanda yake kilo 1, turubai jepesi na kamba kilo 1, chandarua nusu kilo, mablanketi mawili kilo 2, godoro jembamba la sponji nusu kilo, nguo za baridi na za mvua kilo 1 na nusu, chakula kilo 1 na nusu, maji lita 3, yaani kilo 3, sufuria ndogo na kikombe nusu kilo, kisu, tochi, filimbi na dawa nusu kilo, na mfuko wenyewe kilo 1 na nusu. Jumla kilo 13 na nusu. Mtaona ya kuwa hata nusu ya mzigo wa mpagazi haufiki, na hata hivyo mabega yalitupa habari.

Msidhani ya kwamba vitu hivi ni vya matajiri. Machela yetu ilishonwa na fundi cherehani kwa meta 3 za kitambaa cha nailoni kigumu, ncha zake zikikunjwa na kushonwa mara mbili ili kamba ipite. Mikanda ya kuzunguka mti ni mikanda ya viti vya magari makuukuu, iliyonunuliwa gereji. Mikanda hii ni bora kuliko kamba, kwa kuwa ni mipana, nayo haikati gome la mti. Kamba nyembamba hukata gome, na mti uliokatwa gome pande zote hufa. Mfuko wa mgongoni ulitoka kwenye mitumba. Ila neno moja: kitanda kilichoshonwa mjini kijaribiwe nyumbani kwanza, kikiwa kimo cha goti tu kutoka ardhini, kwa mawe au magunia, kisha kwa mtu. Mshono ukikatika uani ni kicheko. Ukikatika mlimani ni uti wa mgongo.

Mahali tulipochagua ni milima ya Usambara, upande wa Lushoto. Mtu hushuka Mombo, katika barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, kisha hupanda gari kwa kilometa zipatazo 30 za njia ya kujipindapinda mpaka Lushoto, penye kimo cha meta 1,400 hivi. Kutoka hapo kwa miguu hupanda kuelekea msitu wa hifadhi wa Magamba, ambao sehemu zake za juu zapita meta 2,000. Wapanda milima hutumia kanuni iliyotungwa na Mskoti William Naismith mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilometa 5, na kuongeza saa 1 kwa kila meta 600 za kupanda. Sisi tulikuwa na kilometa 10 na meta 600 za kupanda, yaani saa 3. Tukaongeza saa 1 kwa ajili ya mzigo na pumzi. Tukaanza saa 5 asubuhi, tukafika saa 9 alasiri, jua lingali juu. Anayefanya hesabu hii kabla ya kuondoka hatafuti miti ya kulala gizani.

Katika ukingo wa mashamba, kabla ya msitu, tulimkuta bibi mmoja apalilia maharagwe. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Akautazama mfuko, akautazama uso, akauliza, "Mwanangu, mzigo huu wampelekea nani?" Tulimjibu ya kwamba hatumpelekei mtu, ndiyo malazi yetu ya usiku. Akauliza wenzetu wako wapi. Tukasema hatuna. Akaliweka jembe chini, akacheka mpaka akafuta macho kwa upembe wa kanga, kisha akasema, "Basi wewe ndiwe mpagazi, na wewe ndiwe bwana. Mkigombana, nani atawaamua?"

Wenzetu, twasoma vitabu, lakini hatujasoma neno lililotueleza jambo hili kwa ufupi hivyo. Maana kugombana kulikuwako. Bwana ataka kupumzika, mpagazi ajua ya kuwa mvua yaja. Bwana ataka maji yote sasa, mpagazi akumbuka ya kuwa kijito ki mbali. Ofisini, amri hutoka chumba kimoja na kazi hufanyika chumba kingine, na kosa hutangatanga kati ya vyumba viwili lisipate mwenyewe. Mlimani, aamuruye ndiye atendaye, na hukumu haichelewi. Hili ndilo pumziko tulilolikusudia. Mwili hupumzika ukiwa umeketi, lakini nafsi ya karani hupumzika inapoona amri na kazi na matokeo vimekuwa mkononi mwake, ijapokuwa kwa siku mbili tu.

Bibi yule alitupa na shauri lililo bora kuliko la kitabu. Alituonya tusilale bondeni karibu na kijito, kwa kuwa baridi ya usiku hushuka huko kama maji, na mvua ikinyesha juu, kijito hufura bila kutoa habari. Akatuambia pia ya kwamba usiku tutasikia ukelele mitini, tusitoke kumsaidia mtu, kwa kuwa si mtu.

Tuliingia kwa stakabadhi, maana msitu ule ni hifadhi ya serikali, na mtu hapaswi kuingia wala kulala humo bila kupiga hodi ofisini na kulipa ada, naye hulala pale anapoonyeshwa. Mahali palipo nje ya hifadhi pana wenyewe vilevile. Hodi hupigwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Ardhi isiyo na mlango siyo ardhi isiyo na mwenyewe.

Namna ya kufunga machela ni hii. Chagua miti miwili iliyo hai, minene kuliko paja la mtu, yenye kuachana hatua tano au sita. Tazama juu kabla ya kutazama chini, kwa kuwa tawi kavu ni adui kuliko chui: lingojea upepo tu. Tazama na shina, usije ukafunga kitanda chako katika njia ya siafu. Zungusha mikanda katika kimo cha kichwa, uiache machela ilegee kama mwezi mchanga, hata ukiketi ndani yake makalio yawe kimo cha kiti. Wengi huikaza kama kamba ya kuanikia nguo, wakidhani italala sawa. Machela iliyokazwa humkunja mtu mabega na kumtupa chini. Kisha, hii ndiyo siri yenyewe, usilale kwa urefu wake kama maiti katika sanda. Lala mshazari, kichwa upande mmoja na miguu upande wa pili, na mgongo utanyooka karibu kama juu ya kitanda.

Turubai hutandazwa juu kwa kamba iendayo kutoka mti hadi mti, pembe zake zikivutwa chini. Katika kila mkanda, karibu na machela, funga kipande cha uzi kinachoning'inia. Maji ya mvua yateremkayo juu ya mkanda yatafuata uzi na kudondoka chini, wala hayataingia kitandani. Na ujue ya kwamba adui wa machela ni baridi itokayo chini. Aliyelala sakafuni amekingwa na sakafu. Aliyelala hewani hupitiwa na upepo mgongoni, na blanketi alilolilalia limekandamizwa, halina joto tena. Kwa hiyo godoro la sponji huwekwa chini ya mgongo, na blanketi moja lafaa kufungwa nje, chini ya machela, lisikandamizwe. Mwezi wa Juni na Julai milima ile ina baridi kweli, na asiyezingatia neno hili atahesabu saa zote za usiku moja moja.

Moto hatukuwasha, maana msitu wa mikulo na miti mingine mikubwa iliyoota kabla ya babu zetu hautakiwi kuponzwa kwa ajili ya chai ya mtu mmoja. Tulikuwa na chai katika chupa, mkate, mayai ya kuchemsha na karanga. Maji ya kijito yasinywewe bila kuchemshwa. Yakitokota dakika moja yatosha, na juu ya meta 2,000 yatokote dakika tatu. Kwa hiyo sisi tulichukua maji yetu ya kunywa kutoka Lushoto.

Giza lilipoingia, mbega walinyamaza na hondohondo wakapita juu wakipiga mbawa kwa kishindo. Kisha, yapata saa 3 usiku, ukelele ulianza. Huanza kama mlango mzee unaofunguliwa polepole, ukapanda, ukapanda tena, hata ukawa kama sauti ya mtu anayekabwa koo. Aliyeitoa ni perere, mnyama mdogo asiyepita sungura, akaaye mitini, ambaye wataalamu wamemweka katika ukoo ulio karibu na tembo. Tulikuwa tumeambiwa, nasi tulijua jina lake. Walakini twawaambia kweli, nywele hazikujali elimu yetu. Tulilala tukisikiliza. Baada ya saa moja hofu ilichoka yenyewe. Ndipo tulipofahamu ya kwamba tangu utoto hatujapata kuwa usiku mzima mahali pasipo sauti ya mtu, redio wala gari, na mambo mawili ya nyumbani ambayo tulikuwa tukiyaahirisha mwaka mzima tuliyakata shauri kabla ya usingizi. Hatutawaambia ni yapi. Twasema tu ya kwamba yalihitaji kimya.

Asubuhi tulikunja kila kitu, tukatazama chini kama karani anavyotazama meza kabla ya kufunga ofisi, tusiache hata ganda la yai. Tukateremka Lushoto, na kutoka hapo tukaenda Irente, ambako mlima wakatika ghafla, na mtu husimama ukingoni akiona chini yake Mazinde, na barabara kuu, na nyika ya Wamasai ikienda mpaka macho yachoke. Jioni tulikuwa nyumbani, na Jumatatu asubuhi tulikuwa mezani kwa wakati.

Sasa twarudia hofu ya mwenzetu, maana hatukuja hapa kuipuuza. Asemavyo ni kweli: mtu aliye peke yake akiteguka kifundo cha mguu, hakuna wa kumwita. Hatari kubwa ya upweke si mnyama. Nchi ile haina simba wala tembo. Hatari kubwa ni jambo dogo lisilo na shahidi. Dawa yake ni kuandika, na katika kuandika hatushindwi na mtu.

Mama watoto alitaka ahadi mbili kabla ya kuturuhusu, na twaziona kuwa sheria njema kwa wote. Ya kwanza, njia iandikwe katika karatasi na kuachwa nyumbani: mahali pa kulala, njia ya kwenda, njia ya kurudi, jina la ofisi ya hifadhi na namba yake ya simu, na iliyoandikwa isibadilishwe hata kama njia nyingine yapendeza. Ya pili, saa ya kurudi iwe na mwisho: tusipotoa habari kabla ya saa 2 usiku Jumapili, yeye hatangoji, atapiga simu. Nasi tukaongeza ya tatu, ya kwamba safari hizi zisipite moja katika miezi mitatu, maana mwisho wa juma ni wa watoto pia, na pumziko la baba lisiwe deni la mama.

Mengine ni ya kawaida, lakini yasahauliwa upesi. Usitembee usiku. Vua viatu uvining'inize, na asubuhi uvikung'ute kabla ya kuvaa. Usitie mkono mahali usipopaona. Katika vichaka vya milima ile yumo nyoka mdogo mwenye vipembe juu ya macho, naye ana sumu. Aliyeumwa na nyoka asikatwe wala asifungwe kamba. Atulizwe, mguu usichezeshwe, apelekwe hospitali upesi. Chukua filimbi, maana sauti ya mtu hukauka kabla ya filimbi kukauka. Mipulizo 6 katika dakika moja, kisha kimya dakika moja, kisha tena, ndiyo ishara ya kuomba msaada inayojulikana kwa wapanda milima. Na mvua kubwa au homa ikija, rudi. Mlima hauna haraka, utakuwapo mwezi ujao.

Bwana Mwenyekiti, twaweka ombi letu, nalo lina vifungu vitatu. Kwanza, mfuko wa Chama ununue machela mbili na turubai mbili, ziazimwe na wanachama kwa zamu na kutiwa katika orodha ya mali ya Chama, ili karani mwenye mshahara mdogo asizuiwe na bei. Pili, liwekwe daftari katika chumba cha Chama, lenye safu za jina, njia, mahali pa kulala, siku ya kuondoka na saa ya kurudi, na Bwana Mwandishi au naibu wake alitazame kila Jumapili saa 2 usiku. Jina lisilofutwa lipigiwe simu usiku uleule. Tatu, mwanachama asiende peke yake kabla ya kwenda mara mbili na mwenzake ajuaye. Kwa vifungu hivi mwenzetu mkubwa hataambiwa ya kuwa Chama kilinyamaza.

Kama mkiona ya kwamba jambo hili halifai fedha za Chama, tutakubali shauri la wengi, ila twaomba daftari lisikataliwe, kwa kuwa halina gharama ila wino, na wako kati yetu vijana watakaokwenda kwa ruhusa au bila ruhusa. Yafaa waende majina yao yakiwa yameandikwa.

Babu zetu walikwenda njia hizi kwa majina yasiyoandikwa popote, na mizigo isiyokuwa yao. Sisi twaweza kwenda kwa mzigo wetu wenyewe, uliopimwa na mizani, na jina letu likiwa katika kitabu, na mtu wa kutungojea. Twaona ya kwamba hili si jambo dogo.

Hapa tunakoma, na neno tunaliacha mikononi mwenu.